Binti aliyeacha chumba akabaki na wiski: kuielewa filamu ya Kikorea Sogongnyeo

Katika filamu ya Sogongnyeo kuna onyesho moja ambalo kijana wa kike na mpenzi wake wamo ndani ya chumba cha kupanga jijini Seoul, katikati ya majira ya baridi. Wanataka kulala pamoja, basi wanaanza kuvua nguo, na nguo zenyewe ni nyingi, tabaka juu ya tabaka. Kabla hawajazimaliza wameshaanza kutetemeka, kwa sababu chumba hakina joto, nao wanazivaa tena moja baada ya nyingine huku wakikubaliana kungoja mpaka baridi ipungue. Hawalaumiani wala hawalii. Hata hivyo, katika dakika hizo chache mtazamaji ameshaelezwa kwamba umaskini wa hawa wawili hauko kwenye tumbo peke yake, bali umeingia mpaka kitandani na kuwapangia lini wapendane.

Sogongnyeo, inayojulikana kimataifa kwa jina la Microhabitat, ni filamu ndefu ya kwanza ya Jeon Go-woon, ambaye ndiye aliyeiandika na kuiongoza. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Busan mwaka 2017, ikaingia katika majumba ya sinema ya Korea Kusini mwezi Machi 2018, na mwishoni mwa mwaka huo ikampatia Jeon tuzo ya mwongozaji mpya bora katika Tuzo za Blue Dragon. Ni filamu huru, kwa maana kwamba haikutoka kwenye karakana za kampuni kubwa za burudani za nchi hiyo, bali kwa kikundi kidogo cha waongozaji kiitwacho Gwanghwamun Cinema, ambao husaidiana kutengeneza filamu zao. Mhusika mkuu, Miso, anaigizwa na Esom, na mpenzi wake Han-sol anaigizwa na Ahn Jae-hong.

Kisa chenyewe kinaweza kusimuliwa kwa sentensi moja: mwaka mpya unapoingia, gharama zinapanda, ujira haupandi, na Miso anaamua kuacha chumba chake ili aendelee kununua sigara na glasi yake ya wiski. Sentensi hiyo ndiyo inayowagombanisha watu. Wengi huishia kuuliza kama Miso ni mjinga au ni mkaidi, na kwa maoni yangu wanauliza hivyo kwa sababu hawajui nyumba inagharimu nini mjini Seoul, wala nani huhesabiwa kuwa hana makazi, wala kwa nini filamu ilichagua wiski badala ya kitu chenye heshima zaidi. Mambo hayo matatu yakifunguliwa, uamuzi wa Miso unasomeka kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na daftari lake. Miso anafanya usafi katika nyumba za watu kwa won 45,000 kwa siku, won ikiwa ndiyo sarafu ya Korea Kusini. Mwaka 2015 kima cha chini cha mshahara Korea Kusini kilikuwa won 5,580 kwa saa, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi saa 8 alistahili kulipwa won 44,640. Ukizilinganisha namba hizo mbili utaona kwamba filamu haikumchora Miso kama fukara wa kupindukia. Imemweka pale pale ambapo sheria yenyewe iliridhika kwamba mtu anaweza kuishi. Tena hakopi, hachelewi kazini, wala hachukui kisicho chake. Jioni anaandika matumizi yake: kodi, chakula, dawa, sigara, wiski. Kisha bei zinapanda, na mojawapo ya bei hizo haikubuniwa na mwandishi wa filamu, kwani tarehe 1 Januari 2015 serikali ya Korea Kusini ilipandisha kodi ya tumbaku, na pakiti ya kawaida ya sigara ikatoka won 2,500 hadi won 4,500 kwa siku moja. Mwenye nyumba naye anaongeza kodi. Daftari linakataa kusawazika, na Miso, baada ya kulitazama kwa makini, anaona kuna mstari mmoja tu ambao ukifutwa mengine yote yanapona. Mstari huo ni wa chumba.

Hapa ndipo msomaji anaponuna, na ninaelewa. Kwa wengi wetu tunaosoma Kiswahili pombe ni haramu, na hata kwa wasio na katazo hilo, sigara na wiski ni vitu ambavyo mtu mwenye shida hutarajiwa kuviacha kwanza. Jeon Go-woon alilijua hilo. Kama Miso angekuwa anaacha chumba ili aendelee kulipa ada ya masomo au kumtibu mama yake, tungempigia makofi, na filamu ingekwisha hapo bila kutufundisha lolote, kwa kuwa sote tungekubaliana tangu dakika ya kwanza. Alichagua makusudi vitu visivyo na mtetezi. Swali linalobaki baada ya uchaguzi huo ni kama mtu anayefanya kazi kutwa nzima ana haki ya kuamua mwenyewe furaha yake ndogo ni ipi, au kama haki hiyo ni ya wenye nyumba peke yao. Mtu anaweza kuuchukia wiski na bado akaona uzito wa swali hilo.

Sasa nyumba. Upangaji wa Korea Kusini una utaratibu mmoja ambao ni nadra kuukuta kwingine kwa ukubwa huo, uitwao jeonse. Mpangaji wa jeonse halipi kodi ya kila mwezi hata senti moja. Badala yake anamkabidhi mwenye nyumba fungu la fedha ambalo mara nyingi huzidi nusu ya bei ya nyumba yenyewe, anaishi humo kwa muda wa mkataba, ambao tangu mwaka 1989 sheria inauhesabu kuwa miaka 2 kwa uchache, na siku ya kurudisha funguo anarudishiwa fedha zake zote. Njia rahisi ya kuielewa ni kuifikiria kama rehani: mwenye nyumba ndiye anayekopa, nyumba ndiyo aliyoiweka rehani, na mkopeshaji analipwa kwa kukaa humo bure. Katika miongo ya ujenzi wa viwanda, benki zilipokuwa ngumu kumkopesha mtu wa kawaida na riba ilipokuwa juu, utaratibu huo uliwafaa wote wawili. Mwenye nyumba alipata mtaji, na familia iliyodunduliza fungu la jeonse ilikuwa imeshapanda ngazi ya kwanza kuelekea nyumba yake.

Ngazi hiyo ilianza kuoza riba iliposhuka. Won milioni 100 zikizaa asilimia 10 kwa mwaka, zinamletea mwenye nyumba milioni 10 bila jasho. Zikizaa asilimia 1.75, ambacho ndicho kiwango ambacho Benki Kuu ya Korea ilikifikia Machi 2015, zinamletea won 1,750,000 tu. Basi wenye nyumba wengi wakageukia wolse, yaani kodi ya kila mwezi, na kodi hiyo nayo haiji peke yake: mpangaji anatakiwa kuweka amana kwanza, ambayo kwa chumba kimoja mjini Seoul mara nyingi huwa won milioni 5 au milioni 10. Aliyewahi kupanga Dar es Salaam na kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo analijua donge linalokaa kooni wakati dalali anapotaja masharti. Kwa ujira wa Miso, amana ya milioni 5 ni sawa na siku 111 za kazi bila kula, bila nauli na bila dawa.

Asiye na amana anabaki na makao ya aina tatu au nne, na kila moja lina jina lake katika Kikorea, jambo ambalo peke yake linaonyesha jinsi watu wengi walivyopitia humo. Kuna oktapbang, kijumba kilichojengwa juu ya paa, ambacho huwaka moto kiangazi na kuganda wakati wa baridi. Kuna banjiha, chumba kilichozama nusu ardhini, urithi wa agizo la mwaka 1970 lililotaka majengo mapya yawe na sehemu ya chini ya ardhi kama hifadhi endapo vita vingezuka tena. Baadaye wapangaji waliingizwa humo, na Agosti 2022 mvua kubwa ilipoifurika Seoul, watu watatu wa familia moja, mmoja wao msichana wa miaka 13, walikufa maji ndani ya banjiha yao katika mtaa wa Sillim. Na kuna gosiwon, vyumba vyembamba vilivyoanza kama mahali pa kujisomea kwa vijana wanaojiandaa na mitihani ya serikali, kisha vikawa makao ya wasio na amana. Novemba 2018, miezi michache baada ya filamu hii kuonyeshwa, gosiwon moja katika wilaya ya Jongno iliungua alfajiri na watu 7 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini Miso hakutafuta tu chumba cha bei nafuu zaidi, ajue kwamba filamu imelijibu swali lake. Miso anaongozana na dalali kuangalia vyumba, akipanda ngazi za mitaa ya vilimani, na kila chumba ni kibaya kuliko kilichotangulia.

Jambo la pili ni maana ya kukosa makazi. Neno lililozoeleka katika Kikorea ni nosukja, na ukilichambua utakuta linamtaja mtu anayelala kwenye umande. Lilienea hasa baada ya mgogoro wa fedha wa mwaka 1997, wakati kampuni zilipofunga milango na wanaume waliofukuzwa kazi wakaanza kuonekana kwenye stesheni ya Seoul wakiwa bado wamevaa suti zao. Tangu hapo sura ya asiye na makazi katika fikra za watu imekuwa ni ya mwanamume, tena wa makamo, aliyelala juu ya kadibodi karibu na reli. Sheria iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwaka uliofuata ilijaribu kulipanua jambo hili. Iliwataja wasio na makazi kisha ikaongeza neno fupi deung, lenye maana ya “na wengineo”, na humo ikawaingiza hata wanaoishi mahali pasipofaa kukaliwa na binadamu. Neno hilo fupi lina kazi kubwa, kwa maana ndani yake ndimo walimojificha wanawake.

Mwanamke anayepoteza chumba mara chache huenda kulala stesheni. Anaogopa kubakwa, anaogopa kuibiwa, anaogopa kuonekana na mtu anayemfahamu, kwa hiyo anatafuta ukuta wowote wa kujiegemeza: kwa rafiki, kwa ndugu, kwenye bafu za umma zinazokesha, kwenye mgahawa usiofungwa usiku. Afisa anayepita na karatasi ya kuhesabu hamwoni. Kesho yake yuko kazini, amenawa uso na nguo zake ni safi. Miso ni wa kundi hili, na sidhani kama kuna jambo ambalo filamu imelifanya kwa umakini zaidi kuliko kutuonyesha mtu asiye na makazi ambaye ukipishana naye barabarani hutamjua.

Anachofanya Miso baada ya kufunga begi lake ni kuwatafuta marafiki aliopiga nao muziki katika bendi enzi za ujana, na kuwaomba hifadhi mmoja baada ya mwingine. Kila mlango anaubisha akiwa na trei ya mayai. Trei hiyo inanigusa kila ninapoiona. Ni zawadi ya bei ndogo lakini ni kubwa mikononi, inayolazimu kubebwa kwa uangalifu, na anayeibeba anatangaza kwamba hakuja mikono mitupu. Wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miso haingoji siku ya tatu. Anasafisha, anapika, anakunja nguo, anamsikiliza mwenyeji akilia, na kabla hajachosha ameshaondoka. Kazi anayolipwa mchana kwa watu baki, usiku anaifanya bure kwa marafiki, kama malipo ya godoro.

Marafiki wenyewe ndio kitovu cha hoja ya filamu, kwa sababu wote wana nyumba. Mun-yeong ameajiriwa na kampuni kubwa, na wakati wa mapumziko hujitundikia dripu pale pale kazini ili apate nguvu ya kuendelea. Hata hivyo hana nafasi ya kumlaza mwenzake. Hyun-jeong ameolewa na anaishi na wakwe, akihangaika jikoni na mapishi asiyoyaweza, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe ni kama mgeni. Dae-yong amenunua ghorofani kwa mkopo wa miaka 20 ili amwoe mwanamke aliyempenda. Mke ameondoka, mkopo umebaki, naye analia ndani ya nyumba aliyoigeuza jina na kuiita jela. Rok-i bado anaishi na wazazi, ambao wanamkaribisha Miso kwa ukarimu unaotisha, kwani wameshaamua moyoni kuwa awe mkwe wao. Jeong-mi ameolewa na tajiri, nyumba yake ina vyumba vya kutosha, na ndiye anayemwambia Miso maneno makali kuliko wote: kwamba kupenda wiski na sigara huku huna pa kulala ni kukosa haya.

Mtazamaji wa haraka atasema filamu inawakejeli watu hawa. Siioni hivyo. Kamera inakaa na Dae-yong wakati analia, na inamwachia Hyun-jeong usiku mmoja wa kurudia muziki na kucheka. Kinachoelezwa ni kwamba kila mmoja ameilipia nyumba yake kwa kitu kisichoandikwa kwenye mkataba: huyu kwa afya, yule kwa sauti yake mbele ya wakwe, mwingine kwa miaka 20 ijayo, mwingine kwa kuyakana yaliyokuwa yakimfurahisha. Jeong-mi hakasirishwi na wiski. Anakasirishwa na kumwona mtu ambaye hakukana.

Vijana wa Korea Kusini wana neno la hali hii. Mwaka 2011 gazeti la Kyunghyang Shinmun liliandika juu ya kizazi cha sampo, yaani waliosamehe mambo matatu: mapenzi, ndoa na watoto. Baadaye yakaongezwa kazi na nyumba, yakawa matano, kisha watu wakaacha kuhesabu. Katika orodha hiyo mapenzi huachwa mwanzoni kabisa. Miso ameipindua, ameacha nyumba kwanza ili mapenzi yabaki, na huo ndio upinzani wake, ingawa hauna bango wala maandamano.

Lakini mapenzi nayo yana gharama zake. Han-sol anaishi katika bweni la wanaume la kampuni anakofanya kazi, kwa hiyo hawezi kumchukua Miso. Anaota kuchora katuni za mtandaoni, ana deni la masomo shingoni, na wawili hao hufikia kutoa damu ili wapate tiketi za sinema. Mwishowe anajiandikisha kwenda Saudi Arabia kwa miaka 2, kwa sababu huko mshahara ni mkubwa. Wakorea wamekuwa wakienda kufanya kazi za ujenzi Saudi Arabia tangu miaka ya 1970, na safari hizo zililijenga taifa lao. Kijana wa Mombasa au wa Nairobi aliyeagana na mwenzake uwanjani akielekea nchi hiyo hiyo hahitaji kufafanuliwa uso wa Miso anapopewa habari. Anamwita Han-sol msaliti, na kwa mara ya kwanza tunamwona amepungukiwa na subira.

Kazi ya Miso nayo ina kasoro ambayo filamu haiitaji, ila kila ukurasa wa daftari lake unaibeba. Sheria ya viwango vya kazi ya Korea Kusini, ya mwaka 1953, iliwatenga wafanyakazi wa majumbani, hivyo kwa takriban miaka 70 dada wa kazi hakuwa mfanyakazi machoni pa sheria: hakuwa na likizo ya malipo, kiinua mgongo, wala kima cha chini anachoweza kukidai. Sheria mpya ilianza kutumika Juni 2022, nayo inawalinda wanaoajiriwa kupitia wakala aliyeidhinishwa. Miso, ambaye anaingia kwenye nyumba kwa makubaliano ya mdomo na kutoka na noti mkononi, hata leo angebaki nje yake. Mteja mmoja akimwambia asirudi, hana pa kushtaki.

Majina ya filamu yamebeba mengi ya haya. Sogongnyeo ni jina ambalo Wakorea wameipa tafsiri ya riwaya ya Frances Hodgson Burnett, ile ya binti wa tajiri anayefiwa na kugeuzwa mtumishi wa kulala darini, lakini anayeendelea kujiheshimu kama binti wa mfalme. Miso kwa Kikorea ni tabasamu. Neno lenye matamshi hayo hayo linamaanisha pia kitu kidogo sana, na wataalamu wa viumbe hulitumia wanapotaja makazi madogo kabisa ya kiumbe, kama vile ufa wa gome anamoishi mdudu. Ndipo lilipotoka lile jina la kimataifa.

Ninayo lawama moja. Esom ni mrembo, baa ni ya joto, mwanga ndani ya glasi unapendeza, na kuna nyakati ambapo usiku wa baridi wa mtu asiye na mlango wa kufunga unapita haraka mno kwenye kioo. Mwanamke halisi aliye katika hali hiyo ana hofu nyingi kuliko tulizoonyeshwa. Lakini lawama hiyo inapungua nguvu kadiri filamu inavyokaribia mwisho, kwa sababu ya dawa. Tangu utotoni Miso ana hali inayomfanya aote mvi, na dawa ndiyo inayozizuia. Bei zikizidi kupanda na kazi ikipungua, dawa nayo inafutwa kwenye daftari. Mwili unaanza kulipa kile ambacho fedha hazikuweza kulipa.

Marafiki wa zamani wanakutana msibani na kuulizana habari zake, na hakuna anayejua aliko. Kisha tunamwona mtu mwenye nywele nyeupe ameketi baa, amepewa glasi yake, na sura yake hatuonyeshwi. Baadaye, kando ya mto Han, ng'ambo ya maghorofa yaliyowashwa taa kwenye mamia ya madirisha, kuna hema moja, na ndani yake taa inawaka.